Mji wa Mikindani na Mlango wa Mto Ruvuma

Msafiri anayeifuata pwani ya Tanzania kwenda kusini, akiisha kupita Kilwa na Lindi, hufika mwisho katika nchi ya Mtwara. Mbele yake ni mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Watu wengi hudhani ya kuwa pembe hii ya nchi haina kitu cha kutazamwa. Sivyo. Yako hapa mambo mawili yanayostahili safari, yaani mji wa kale wa Mikindani na mlango wa mto wenyewe. Na mwenye kuyatazama kwa makini ataona ya kuwa yote mawili ni habari moja.

Mikindani uko karibu kilomita 10 kutoka Mtwara, kando ya ghuba yenye mlango mwembamba. Kwa sababu hiyo maji yake hutulia, hata kusi ikivuma kwa nguvu nje baharini. Zamani majahazi yalikuja hapa na kaskazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi, yakarudi na kusi yakichukua pembe za ndovu na sandarusi. Tena yalichukua wanadamu. Misafara ilishuka kutoka pande za ziwa Nyasa, na wafungwa wengi walifia njiani kwa njaa na uchovu. Sultani Barghash wa Unguja alikataza biashara ya watumwa baharini tarehe 5 Juni 1873, walakini kwa siri iliendelea bado. Liko mjini jengo ambalo watu huliita soko la zamani la watumwa. Haifai kulipita kwa haraka, maana waliopita hapo majina yao hayakuandikwa popote.

Mtu mmoja aliyeona taabu hizo akazitangaza ni David Livingstone. Mwezi wa Machi 1866 alikuja kwa meli kutoka Unguja, akitaka kuingia bara kwa njia ya Ruvuma. Alikuwa na ngamia, nyati wa kufugwa, nyumbu na punda, maana alitaka kujua kama wanyama hao wataweza kustahimili mbung'o. Lakini alipofika mlangoni pa mto, aliona matope na mikoko, wala hapakuwa na mahali pazuri pa kushushia wanyama. Basi ikampasa kurudi kaskazini, akashuka Mikindani tarehe 24 Machi. Hiyo ilikuwa safari yake ya mwisho. Alikufa mwezi wa Mei 1873, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Na watumishi wake, Susi na Chuma pamoja na wenzao, waliuchukua mwili wake kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika mwaka 1874.

Juu ya mji limesimama boma jeupe lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895. Lilikaa miaka mingi likiwa gofu, kisha likatengenezwa upya, na sasa ni nyumba ya wageni.

Sasa na tushuke mpaka mlango wa Ruvuma. Mto huu hutoka katika milima ya Matogoro karibu na Songea, nao una urefu wa kilomita kama 800. Ukifika pwani hupunguza mwendo, ukatua mchanga na udongo uliouchukua kutoka bara. Katika tope hilo huota mikoko ya namna nyingi. Mlilana hupenda kusimama mbele, kuelekea bahari. Mkoko una mizizi iliyojipinda kama miguu ya buibui. Mchu hutoa vijiti vingi juu ya tope, navyo ndivyo apatavyo pumzi mti ule. Mizizi hiyo huzuia tope lisichukuliwe na mawimbi, na katikati yake kamba na samaki wadogo hujificha mpaka wakue.

Upande wa kaskazini wa mlango huo iko rasi ya Msimbati na ghuba ya Mnazi. Huko chini ya maji yako matumbawe. Tumbawe hujengwa na viumbe vidogo sana, navyo hujenga polepole. Tumbawe kubwa la mviringo laweza kuongezeka kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Hapo kasa huja ufuoni kutaga mayai. Mwaka 2000 Serikali iliifanya sehemu hii yenye kilomita za mraba 650 kuwa Hifadhi ya Bahari.

Basi, mji na mlango wa mto ni habari moja kwa namna gani? Tazama ukuta wa nyumba ya kale ya Mikindani. Mawe yake ni matumbawe, chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa, na boriti za dari ni miti ya mikoko. Mji wote ulitolewa baharini.

Na vyote viwili vina adui. Nyumba ya mawe ikikosa dari, mvua huingia juu ya ukuta, huosha chokaa na udongo unaoshika mawe, na baada ya masika machache ukuta huanguka. Vivyo hivyo baharini. Wako wavuvi waliovua kwa baruti, ijapokuwa sheria yakataza. Mshindo mmoja huua samaki wakubwa na wachanga pamoja, na kuvunja tumbawe lililojengwa kwa miaka mia. Aliyefanya hivyo hupata kitoweo cha siku moja, na watoto wake hurithi maji matupu. Mikoko nayo ikikatwa ovyo, mawimbi hula nchi.

Kwa hiyo msafiri afikapo huku na aajiri mwenyeji wa kumwongoza, alipe ada ya hifadhi, wala asichukue tumbawe wala jiwe la gofu. Na sisi wenyeji tusingoje wageni watuambie thamani ya vitu vyetu.

Maswali
1. Kwa nini Livingstone hakushuka mlangoni pa Ruvuma?
2. Mizizi ya mikoko yafanya kazi gani?
3. Nyumba za kale za Mikindani zilijengwa kwa vitu gani?
4. Eleza namna ukuta wa mawe unavyoanguka dari ikiondoka.