Jeki Huinua Gari, Haishikilii Gari

Siku hizi vijiji vingi vina magari. Kuna pikapu ya kubebea mazao, kuna gari dogo la abiria, kuna trekta na tela lake. Gereji nzuri ziko mjini, na mji uko mbali. Kwa hiyo gari likiharibika, mara nyingi hutengenezwa hapo hapo lilipo, chini ya mwembe au nyuma ya nyumba. Kujitegemea ni jambo jema. Lakini kuna kazi moja inayoua watu ambao hawakustahili kufa. Kazi hiyo ni ya kuinua gari kwa jeki na kuingia chini yake.

Wengi husema, "Ajali haina kinga." Lakini ajali ya gari kumwangukia fundi ina kinga. Kinga yake ni mawe mawili, gogo la mti na dakika kumi za subira. Soma makala hii polepole, kisha msomee na mwenzako.

GARI NI ZITO KIASI GANI?

Gari dogo la abiria lina uzito wa kilo 1,000 au zaidi. Pikapu nyingi zina uzito wa kilo 1,500 mpaka 2,000, kabla ya kupakia mzigo. Unaujua mfuko wa saruji wa kilo 50. Pikapu ya kilo 1,500 ni sawa na mifuko 30 ya saruji. Je, ungekubali kulala chini ya mifuko 30 ya saruji iliyosimamishwa juu ya kipande kimoja cha chuma? Anayelala chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake anafanya hivyo hivyo.

Gari likianguka haliko polepole. Aliye chini hapati nafasi ya kutoka. Hata kijana mwenye nguvu na mbio hawezi.

JEKI INAFANYAJE KAZI?

Jeki ziko za aina nyingi, lakini mbili ndizo tunazoziona zaidi.

Ya kwanza ni jeki ya skurubu. Unazungusha mpini, skurubu inazunguka, na gari linapanda kidogo kidogo. Jeki hii ndiyo inayokuja na magari mengi madogo. Kitako chake ni chembamba, kwa hiyo hupinduka upesi.

Ya pili ni jeki ya mafuta. Ndani yake mna bomba dogo na bomba kubwa, na mafuta katikati. Tuseme bomba dogo lina eneo la sentimita 1 ya mraba, na bomba kubwa lina sentimita 20 za mraba. Ukisukuma bomba dogo kwa nguvu ya kilo 20, bomba kubwa litainua kilo 400. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuinua lori. Lakini uzito wote huo umeshikwa na mafuta, na mafuta yamezuiwa na mipira midogo. Mpira ukichakaa au uchafu ukiingia, mafuta hupenya na jeki hushuka. Wakati mwingine hushuka taratibu, na wakati mwingine kwa ghafla.

Basi kumbuka neno hili: jeki imetengenezwa kwa kuinua gari. Haikutengenezwa kwa kulishikilia gari wakati mtu yuko chini yake.

KWA NINI GARI HUANGUKA?

Sababu kubwa ni hizi:

1. Ardhi ni laini. Jeki inazama upande mmoja, inalala, na gari linaanguka.

2. Gari linasogea. Likisogea hata sentimita chache, jeki inapinduka.

3. Jeki imewekwa mahali pasipofaa. Inateleza au inatoboa bati.

4. Jeki ni mbovu, au uwezo wake ni mdogo kuliko uzito wa gari.

5. Fundi anavuta kwa nguvu. Anang'ang'ania nati iliyokaza, gari linatikisika na kutoka juu ya jeki.

Katika sababu zote tano hakuna bahati mbaya. Kila moja unaweza kuizuia.

KABLA YA KUINUA GARI

Tafuta mahali palipo tambarare na pagumu. Usiinue gari kwenye mteremko. Kama gari limeharibikia mlimani, ni heri kulisogeza polepole mpaka kwenye tambarare, hata kama tairi lenye pancha litaharibika. Tairi hununuliwa.

Kama uko barabarani, toka kabisa njiani. Weka alama ya pembetatu inayong'aa mbele na nyuma, mbali na gari, ili wenye magari wakuone mapema.

Washushe abiria wote. Shusha na mzigo ikiwezekana. Watoto wakae mbali, maana hupenda kuchungulia.

Zima injini. Weka gia. Vuta breki ya mkono. Kisha zuia magurudumu kwa mawe makubwa au kabari za mbao. Kama unainua nyuma, zuia magurudumu ya mbele. Kama unainua mbele, zuia ya nyuma. Weka jiwe mbele ya gurudumu na jiwe nyuma yake.

Mbona mawe, na breki ya mkono ipo? Swali zuri. Katika magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukiyainua, hakuna breki iliyobaki chini. Tena kuna hatari nyingine ambayo hata madereva wa zamani huisahau. Katika Land Rover nyingi za zamani na baadhi ya malori, breki ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Hushika propela inayopeleka nguvu nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, hilo linaweza kuzunguka hewani huku lile lililobaki chini likizunguka kinyume chake, kwa sababu ya difu. Gari linaondoka na breki umevuta! Gia nayo haiwezi kulizuia, kwa sababu hiyo hiyo. Hapo jiwe la bure lina thamani kuliko breki.

NAMNA YA KUINUA

Legeza nati za gurudumu kabla ya kuinua, wakati tairi bado liko chini. Legeza nusu mzunguko tu, usizitoe. Ukingoja mpaka gari liwe juu, utalazimika kuvuta kwa nguvu na utalitikisa.

Weka ubao mgumu na mpana chini ya jeki. Ubao wenye upana wa sentimita 30 kila upande na unene wa sentimita 5 unafaa. Ubao huo hutawanya uzito, na jeki haizami.

Weka jeki mahali palipoimarishwa. Kitabu cha gari kinaonyesha mahali hapo. Katika magari madogo pako pembeni, nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Katika pikapu nyingi unaweza kuinua nyuma kwa kuweka jeki chini ya ekseli, karibu na springi. Usiweke jeki chini ya chombo cha oili cha injini, wala chini ya bati la sakafu.

Inua kidogo, kisha simama utazame. Je, jeki imesimama wima? Je, ubao umelala sawa? Je, gari limesogea? Kama jeki imeanza kulala, shusha uanze upya. Usiipige kwa nyundo ili inyooke wakati imebeba mzigo.

Jeki ikiwa fupi, usipange mawe juu ya kichwa chake. Ongeza ubao mwingine mpana chini yake.

USIINGIE CHINI MPAKA UWEKE NGUZO

Hili ndilo jambo kubwa katika makala hii. Kabla ya kuingiza kichwa, mkono au mguu chini ya gari, weka kitu kigumu cha kulibeba badala ya jeki. Mafundi wa mjini hutumia stendi za chuma, mbili mbili. Stendi huwekwa chini ya ekseli au fremu ya gari, kila upande moja. Halafu gari hushushwa polepole mpaka likae juu ya stendi.

Kama huna stendi, tumia vipande vya mbao ngumu, vizito na vilivyonyooka, kama mataruma ya reli yalivyo. Panga viwili kwa urefu, halafu viwili juu yake kwa kukingama, hivyo hivyo mpaka vifike. Vipande visiwe vya mviringo, maana hubingirika. Kimo cha rundo kisizidi upana wake.

Usitumie matofali ya saruji. Usitumie ya kuchoma wala yenye matundu. Tofali hubeba ukuta kwa sababu uzito wa ukuta hutawanyika. Ekseli ya gari hukandamiza mahali padogo, na tofali halitoi onyo. Hupasuka mara moja, na gari huanguka papo hapo. Mawe yaliyopangwa nayo huteleza.

Ukishaweka nguzo, sukuma gari kwa mkono kutoka pembeni. Likitikisika juu ya nguzo, shusha upange tena. Ni afadhali lianguke wakati wewe umesimama kando.

Halafu fanya jambo moja zaidi. Lile tairi ulilolitoa, au tairi la akiba, lisukume chini ya gari karibu na unapofanyia kazi. Yote yakishindikana, gari litaangukia tairi, na wewe utabaki na nafasi ya kupumua.

Usiwashe injini gari likiwa juu ya jeki. Wala usifanye kazi hii peke yako. Awepo mtu wa kukutazama na kuita msaada.

KURUDISHA TAIRI NA KUSHUSHA

Ukirudisha gurudumu, kaza nati kwa mkono kwanza. Kisha kaza kidogo kwa spana, ukienda upande huu na upande wa pili, usifuate duara. Hivyo gurudumu hukaa sawa. Kabla ya kushusha, hesabu vifaa vyako, na hakikisha hakuna mtu wala mtoto chini. Ondoa nguzo, kisha shusha jeki polepole. Gari likishakaa chini, kaza nati kwa nguvu zote zinazotakiwa. Ukishatembea kilomita 50 hivi, simama uzikaze tena.

TREKTA NA TELA

Tela la trekta lenye ekseli moja hupinduka mbele au nyuma mzigo ukihama. Shusha mzigo wote. Liache tela limefungwa kwenye trekta, uzuie magurudumu ya vyote viwili, ndipo uinue. Chombo cha kulimia kilichoinuliwa na trekta nacho kimeshikwa na mafuta, kama jeki. Kishushe chini, au kiwekee gogo, kabla ya kukigusa kwa chini.

MTU AKIBANWA

Usimvute kwa nguvu. Usikubali watu watano waliinue gari kwa mikono bila mpango, maana wakichoka litamwangukia mara ya pili. Zuia magurudumu. Tafuta jeki nyingine, uiweke juu ya ubao, uinue taratibu. Kila gari linapopanda kidogo, ongeza mbao chini yake ili lisirudi. Wakati huo mwenzako apige simu au akimbilie zahanati. Katika Tanzania, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114. Ukishamtoa, mpeleke hospitali hata kama anasema hana maumivu. Mwili uliobanwa unaweza kuwa umeumia ndani.

TUANZE KESHO

Ndugu msomaji, stendi mbili za chuma hugharimu fedha. Lakini si lazima kila mwenye gari anunue zake. Wenye magari na matrekta katika kijiji wanaweza kuchanga, wakanunua jozi moja nzuri, ikawekwa mahali panapojulikana. Seremala wa kijiji naye anaweza kukata kabari nne na mbao za kupangia katika siku moja. Mpeni kazi hiyo.

Ukimwona jirani amelala chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake, usipite ukampungia mkono. Mwite atoke. Atakasirika kidogo, atakuambia kazi ni ya dakika mbili. Mwambie kuwa gari halihesabu dakika. Kisha msaidie kutafuta gogo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini jeki peke yake haitoshi?
2. Kwa nini breki ya mkono haiaminiki unapoinua gurudumu la nyuma?
3. Taja hatari ya kutumia matofali.
4. Katika kijiji chenu, nani hutengeneza magari? Je, ana stendi au mbao ngumu za kutosha?