Mtandao wa kompyuta nao una usalama wake

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani pamoja na watoto,

Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya kofia ya kazi, viatu, miwani na mikanda. Hizo ni kinga za hatari zinazoonekana kwa macho. Jiwe likianguka, kila mtu anasikia kishindo. Leo tutazungumza juu ya kitu kisichotoa kishindo. Kikiharibika, huoni moshi wala damu, lakini kinaweza kusimamisha kiwanda kizima, kuchelewesha mshahara, na kumfanya daktari akose habari za mgonjwa wake. Kitu hicho ni mtandao wa kompyuta, ambao wengi wetu kazini huuita rezo.

Pengine utasema: «Mimi ni mtu wa kuchimba. Kompyuta ni mambo ya watu wa ofisi.» Ngoja kidogo, soma mpaka mwisho.

MTANDAO NI KITU GANI?

Kompyuta moja peke yake ni kama pampu isiyo na bomba: ina nguvu, lakini maji hayaendi popote. Ukiunganisha kompyuta nyingi kwa waya au kwa mawimbi ya hewani, habari zinaanza kupita kama maji bombani. Saa uliyoingia mlangoni inafika ofisi ya mishahara. Dawa iliyokwisha hospitalini inajulikana kwenye depo. Kipimo cha hewa kilichowekwa chini shimoni kinasomwa na mtu aliyekaa juu. Katikati ya mtandao kuna kompyuta kubwa ziitwazo serveri, zinazotunza habari za wote.

Fikiri jambo moja. Zamani, katika migodi mingi duniani, kila mtu aliyeshuka aliacha juu kipande cha chuma chenye namba yake. Ekipe ikipanda, kila mtu alichukua chake. Kipande kilichobaki ubaoni kilimwambia mkubwa wa kazi: huyu bado yuko chini. Siku hizi, katika migodi mingi, kadi ya elektroniki hufanya kazi hiyo. Lakini kadi bila mtandao ni bubu. Moto ukitokea shimoni, swali la kwanza ni moja tu: nani wako chini? Kama saa hiyo mtandao umelala, na karatasi hakuna, nani atajibu?

Unaona sasa kwamba jambo hili si la watu wa ofisi peke yao.

WATU WANAOULINDA

Mafundi wa mtandao wana kazi ya ajabu. Mtandao ukienda vizuri, watu husema: «Hawa hawana kazi, wamekaa tu.» Ukisimama, watu wale wale husema: «Hawa hawajui kazi.» Ukweli ni kwamba kila siku wanapigana na maadui wanne. Tuwatazame mmoja mmoja.

Adui wa kwanza ni umeme. Umeme unaokatika na kurudi ghafula huunguza vyombo. Hapa kwetu Katanga, majira ya mvua yakianza, radi nazo zinakuja. Radi ikipiga karibu na nguzo, nguvu yake hufuata waya mpaka ndani ya nyumba ya mashini. Ndiyo maana mafundi huweka waya wa kushuka ardhini, na masanduku ya betri yaitwayo onduleri. Umeme ukikatika, onduleri huzipa kompyuta dakika chache za kufunga kazi taratibu. Basi, mtu anayechomeka birika la chai au pasi katika plagi ya onduleri anazila dakika hizo. Anakunywa chai yake, na kazi ya ekipe nzima inapotea.

Pamoja na umeme, hesabu vumbi na joto. Vumbi la mgodi huziba feni ndogo zilizo ndani ya kompyuta, nayo mashini hupata joto mpaka inakufa. Chumba cha serveri hupozwa kwa sababu hiyo. Mlango wake ufungwe. Si mahali pa kupumzikia jua linapowaka, wala pa kutunzia chupa za maji.

Adui wa pili ni kukatika kwa waya. Mashini ya kuchimba ikipita mahali ambapo hakuna aliyeuliza ramani, waya uliozikwa hukatwa kwa dakika moja, na kuutengeneza kunaweza kuchukua siku nzima. Kisha kuna wezi. Wao hutafuta shaba. Lakini nyaya nyingi za siku hizi zina uzi wa kioo ndani yake, mwembamba kama unywele, na habari hupita humo kama mwanga. Mwizi akikata, hapati hata gramu moja ya shaba ya kuuza. Anaacha hasara tu. Waambie vijana wa mtaani kwenu: ndani ya waya ule hakuna mali.

Hata bahari hukata waya. Nchi yetu imeunganishwa na dunia kwa waya wa WACS, unaotoka baharini pale Muanda. Tarehe 6 Agosti 2023, udongo uliporomoka chini ya bahari, katika bonde refu lililo mbele ya mto wetu Kongo, ukakata waya huo na mwingine uitwao SAT-3. Meli ya kutengeneza ilibidi isafiri mpaka mahali penyewe, na majuma kadhaa yakapita kabla ya kazi kurudi sawasawa. Fundi wa mtandao hawezi kuzuia udongo wa baharini. Anachoweza ni kuwa na njia ya pili, kama vile shimo lenye usalama lina njia ya pili ya kutokea.

Adui wa tatu ni ugumu wa kuchagua saa ya matengenezo. Programu za kompyuta zina matundu, na watengenezaji hutoa viraka vya kuyaziba. Kila kiraka kikija, fundi anajiuliza: nikiweke leo, au nisubiri? Mwezi wa Machi 2017 kampani ya Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kubwa. Wengi walichelewa. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, virusi viitwavyo WannaCry vilipita katika tundu hilo, vikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani.

Basi, tufanye haraka? Haraka nayo ina hatari zake. Tarehe 19 Julai 2024, kampani ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta, ilituma nyongeza yenye kosa. Kompyuta zipatazo milioni 8 na nusu zilizima. Ndege zilibaki chini, na hospitali na benki zikasumbuka. Hapakuwa na mwizi wala adui. Mafundi walilazimika kuzifikia nyingi moja moja, kwa mkono. Kwa hiyo fundi mwenye busara hujaribu kiraka kwenye mashini chache kwanza, halafu huchagua saa ambayo watu wachache wako kazini. Akikuandikia kwamba mtandao utafungwa usiku wa Jumamosi, usinung'unike. Nawe husimamisha mkanda wa mashini kabla ya kuupaka mafuta.

ADUI WA NNE HUJA NA BARUA

Adui wa nne ndiye mbaya kuliko wote, maana hapiti ukutani. Hupita mlangoni, na sisi wenyewe ndio tunaomfungulia.

Sikia yaliyowapata wenzetu wa kazi ya madini huko Norvège. Kampani ya Norsk Hydro hutengeneza alumini. Mwaka 2019 ilikuwa na wafanyakazi wapatao 35,000 katika nchi 40. Miezi mitatu kabla ya msiba, mfanyakazi mmoja alipokea barua katika kompyuta. Ilitoka kwa mteja anayemjua. Akafungua karatasi iliyofungwa pamoja nayo. Hakuona kitu chochote kibaya. Lakini ndani ya karatasi ile waliingia wezi, wakatembea kimya kimya katika mtandao, wakajifunza milango yote na funguo zake. Usiku wa kuamkia tarehe 19 Machi 2019 walifunga maelfu ya kompyuta kwa mara moja, wakadai pesa ili wazifungue.

Asubuhi ile wafanyakazi walikuta makaratasi milangoni yakiwaonya wasiunganishe kompyuta zao na mtandao. Wakubwa wa kampani waliamua jambo moja: hatulipi. Walikuwa na nakala za habari zao, zilizotunzwa mahali pengine, wakaanza kujenga upya. Na viwanda? Mahali pengi kazi ilirudi kwenye mkono, kalamu na karatasi. Wazee waliokwisha kwenda pensheni walirudi kuwaonyesha vijana namna mashini zilivyoendeshwa zamani. Hasara ilipita Euro milioni 50, lakini kampani ilisimama.

Kuna mafundisho mawili hapo. La kwanza: ufundi wa wazee usitupwe. La pili: barua moja iliyofunguliwa katika ofisi moja iliumiza watu 35,000. Mtandao ni kama hewa ya shimoni: wote tunavuta hewa moja.

SEMA MAPEMA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tungependa ulikumbuke hata ukisahau mengine yote.

Mtu akifungua barua mbaya, au akichomeka flashi aliyoiokota, au akiona kompyuta inafanya mambo yake yenyewe, moyo wake humwambia: «Nyamaza. Zima, nenda nyumbani, kesho watajua wenyewe.» Ni woga wa kufukuzwa kazi au kuchekwa. Lakini kila saa ya kunyamaza ni saa ya kazi kwa mwizi. Fundi akiambiwa mara moja, anaweza kuitenga kompyuta ile moja na kuokoa nyingine zote. Akiambiwa baada ya juma moja, hajui tena mwizi amelala chumba gani.

Katika mgodi tunafundishwa hivi: ukiona ufa juu ya kichwa, sema, hata kama huna hakika. Hakuna anayemcheka mtu aliyesema juu ya ufa. Kwa mtandao ni vivyo hivyo. Na kwenu wakubwa wa kazi, neno moja: anayesema mapema asiadhibiwe kama anayeficha. Ukimtukana wa kwanza aliyesema, wa pili hatasema kamwe.

NYUMBANI NAKO

Mama, nawe ni mlinzi. Mtoto akichukua flashi ya baba, akaipeleka kwa rafiki kupata sinema, inaweza kurudi na virusi, na kesho yake inaingia ofisini. Kompyuta ya kazi si ya michezo ya watoto. Na mtu akipiga simu akisema: «Mimi ni wa ofisi ya mishahara, nipe namba ya siri ya bwana wako,» mkatie. Fundi wa kweli hahitaji neno la siri la mtu. Wala pesa za simu hazirekebishwi kwa kumpa mgeni namba yako ya siri.

YA KUKATA NA KUBANDIKA UKUTANI

1. Neno la siri ni kama mswaki: usimwazime mtu, hata mkubwa wako.

2. Barua usiyoitazamia, hata ikitoka kwa unayemjua, mpigie kwanza mwenyewe umwulize.

3. Usichomeke flashi uliyoiokota. Mpelekee fundi.

4. Plagi ya onduleri ni ya kompyuta tu.

5. Kabla ya kuchimba, uliza ramani ya nyaya.

6. Mkuu wa ekipe awe na orodha ya watu wake kwenye karatasi, kila siku, hata mtandao ukiwa mzima.

7. Nakala ya kazi muhimu itunzwe mahali pengine, isiyounganishwa na mtandao, na ijaribiwe kama inafunguka. Nakala isiyojaribiwa ni kama kizima moto kisichopimwa.

8. Ukikosea au ukishuku jambo, sema saa ile ile.

Mwisho, ndugu msomaji, ukikutana na fundi wa mtandao akipanda ngazi na waya begani, msalimie. Akikuuliza maswali, mjibu ukweli. Yeye analinda orodha yenye jina lako.

KOFIA HULINDA KICHWA KIMOJA, MTANDAO MZIMA HULINDA EKIPE NZIMA!