Msimamizi wa Mirathi si Mwenye Mali

Swali ni lile lile, na mwezi huu nimeulizwa mara nne: "Wakili, mtoto akishafikisha miaka 18 ndipo anaruhusiwa kudai mali ya marehemu baba yake?" Anayeuliza huwa mama mjane, mara nyingine bibi, na pembeni yake amekaa kijana wa kidato cha pili au cha tatu aliyeinamisha kichwa. Wameshasubiri miaka mitatu, minne. Waliambiwa wasubiri. Na waliowaambia ndio wanaokula kodi ya nyumba ya marehemu.

Jibu ni hapana. Haki ya mtoto katika mirathi ya mzazi wake haingoji kitambulisho cha NIDA. Inaanza siku mzazi anapofariki. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake kwa kiwango kinachostahili, na sheria hiyo inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Imemtaja huyo huyo mnayemwambia angoje. Kukiuka ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Kinachongoja miaka 18 ni jambo jingine kabisa, yaani kuingia mikataba na kuuza kwa saini yake mwenyewe. Mtu anaweza kuwa na haki katika mali na bado asiruhusiwe kuiuza. Watu wazima wanayachanganya mambo haya mawili, na wapo wanaoyachanganya kwa makusudi.

Ndipo inapotokea ile karatasi.

Nimeiona mara nyingi mno. Mama anaifungua polepole kutoka kwenye pindo la khanga, imekunjwa mara nne. Inasema kwamba kijana fulani mwenye miaka 16, kwa hiari yake na bila kushurutishwa, hana pingamizi baba yake mdogo ashike nyumba, shamba na fedha zote "mpaka hapo baadaye". Chini kuna dole gumba la kijana, saini za wajumbe wa kikao cha ukoo, na muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri huo ndio unaowatisha. Wanaushika kwa hofu kana kwamba ni hukumu ya Mahakama ya Rufani.

Karatasi hiyo haina nguvu yoyote. Mtu asiyetimiza miaka 18 hana uwezo wa kisheria wa kuingia mkataba, na makubaliano aliyoyasaini ni batili. Muhuri haumwongezei umri. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuthibitisha kwamba wewe ni mkazi wake, lakini hagawi mirathi. Kikao cha ukoo nacho kinapendekeza tu jina la msimamizi. Anayeteua ni mahakama. Na aliyependekezwa na ukoo akaanza kukusanya kodi za wapangaji bila kwenda mahakamani anajiingiza katika mali isiyo yake, hata kama mababu wote walikuwepo siku ya kikao. Mama mzazi vilevile hana ruhusa ya kulitoa fungu la mwanawe ili ukoo upate amani.

Tuseme sasa baba mdogo ameteuliwa kihalali. Bado si mwenye mali! Msimamizi anakusanya mali, analipa madeni ya marehemu, anagawia warithi, kisha anatoa hesabu. Aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anatakiwa kupeleka orodha ya mali na madeni kwa Fomu Na. 5 ndani ya miezi 4, isipokuwa mahakama imemwongezea muda, halafu hesabu kwa Fomu Na. 6. Aliyeteuliwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi ana miezi 6 ya orodha na mwaka mmoja wa hesabu. Hakuna fomu inayoitwa "mpaka mtoto akue".

"Lakini mbona namlipia ada?" Nimelisikia hilo pia, tena likisemwa kwa hasira. Ada iliyotoka kwenye kodi ya nyumba ya baba yake ni hela ya mtoto inayomsomesha mtoto. Lete risiti tuzihesabu.

Kusubiri kuna hatari ambayo wajane wengi hawaambiwi. Msimamizi ana mamlaka ya kisheria ya kuuza mali za marehemu. Akiuza, hela akazila, na mnunuzi naye akawa alinunua kwa nia njema, kijana atatimiza miaka 18 akirithi kesi ya miaka mingi badala ya nyumba.

Haya yanamhusu pia mama aliyeteuliwa kuwa msimamizi: naye atoe hesabu. Na wewe kijana, ukitimiza miaka 18 huwi bwana wa nyumba nzima wala huwezi kumfukuza mama yako. Unapata fungu lako, na ukubwa wake unategemea kama mirathi inaendeshwa kwa sheria ya Kiislamu, ya kimila au ya serikali.

Cha kufanya, basi. Nendeni kwenye mahakama iliyofungua mirathi mkiwa na namba ya shauri, cheti cha kifo na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Mtoto awakilishwe na mtu mzima. Ombeni kwa maandishi msimamizi aitwe alete hesabu. Asipoleta, ombeni uteuzi wake utenguliwe. Ombeni fungu la mtoto liwekwe benki kwa jina lake, au liwe chini ya RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kama kuna kiwanja chenye hati, wekeni zuio kwa Msajili wa Hati. Kama mirathi haijafunguliwa, ifungueni. Hakuna hela ya wakili? Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure. Afisa ustawi wa jamii yupo kwenye halmashauri yenu. Namba 116 ya kuwasaidia watoto hailipiwi.

Na wewe mama uliyeniambia kwamba mwanao anafikisha miaka 18 mwezi Novemba, tafadhali usiingoje Novemba. Nenda mahakamani Jumatatu.