Uoni Hafifu na Maandishi ya Kompyuta

Umekwisha kujifunza jinsi jicho linavyofanya kazi. Mwanga utokao kwenye kitu hupita katika mboni na lenzi, kisha taswira ya kitu hicho hufanyika kwenye retina, nyuma ya jicho. Lenzi isipokusanya mwanga sawasawa, miwani huweza kusaidia.

Hata hivyo, yako macho yasiyoona vizuri hata kwa miwani. Hali hiyo huitwa uoni hafifu. Mwenye uoni hafifu si kipofu; huona, lakini kwa shida. Mtoto wa jicho asiyetibiwa huitia lenzi ukungu, nao ukungu huo hutawanya mwanga. Mtu mwenye ualbino hana rangi ya kutosha ndani ya macho. Kwa hiyo mwanga mwingi mno hupenya na kumsumbua.

Ikiwa jicho haliwezi kubadilishwa, tufanye nini? Tubadilishe kile kinachosomwa.

Jaribio

Vifaa: karatasi nyeupe, kalamu ya wino mweusi, penseli na krayoni ya njano.

1. Mwombe mwenzako aandike maneno matatu usiyoyajua, kwa herufi zenye kimo kimoja. La kwanza aliandike kwa wino, la pili kwa penseli bila kuikandamiza, na la tatu kwa krayoni.
2. Bandikeni karatasi ukutani. Simama mbali, mahali ambapo huwezi kusoma neno lolote.
3. Sogea hatua moja moja. Kila unapoweza kusoma neno, hesabu hatua zilizobaki hadi ukutani, uziandike.

Ni neno lipi lililosomeka kutoka mbali zaidi? Bila shaka ni lile la wino. Herufi zina kimo kimoja na macho ni yaleyale. Kilichotofautiana ni mwanga. Wino mweusi hufyonza mwanga mwingi, na karatasi nyeupe huuakisi. Rangi ya njano nayo huakisi mwanga mwingi, karibu sawa na karatasi. Kwa hiyo jicho halipambanui herufi. Shida uliyoipata ukiwa mbali, mwenye uoni hafifu huweza kuipata akiwa karibu kabisa.

Maandishi ya kompyuta

Kioo cha kompyuta au cha simu hutoa mwanga chenyewe. Wataalamu hupima mwanga wa herufi na ule wa nyuma yake, kisha huulinganisha. Herufi nyeusi kabisa juu ya weupe kabisa hupata uwiano wa 21 kwa 1. Herufi zenye rangi ileile ya nyuma yake hupata 1 kwa 1, wala hazionekani. Mwongozo wa kimataifa wa kurasa za intaneti, uliotolewa mwaka 2008, unataka maandishi ya kawaida yasipungue 4.5 kwa 1, na maandishi makubwa yasipungue 3 kwa 1.

Watunga programu wanapaswa kuzingatia mambo haya pia:

(a) Maandishi yaweze kukuzwa hadi mara mbili, wala yasipandane wala kukatika.

(b) Rangi isiachwe peke yake kutoa habari. Mahali penye kosa pasitiwe wekundu tu. Paandikwe pia neno "Kosa".

(c) Herufi zinazofanana zipambanuliwe, kama vile tarakimu 0 na herufi O.

(d) Msomaji aweze kugeuza rangi. Mtu anayeumizwa na mwanga mkali huweza kupendelea herufi nyeupe juu ya weusi. Mwingine husoma vizuri zaidi herufi nyeusi juu ya weupe. Hakuna rangi moja inayowafaa wote.

Mwanafunzi asiyeweza kusoma maandishi yaliyofifia huenda akadhaniwa kuwa mvivu au mzito wa kuelewa, kumbe kasoro imo katika maandishi. Yakirekebishwa, atasoma pamoja na wenzake.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya upofu na uoni hafifu.
2. Kwa nini herufi za njano hazisomeki vizuri juu ya karatasi nyeupe?
3. Programu fulani ina uwiano wa 2 kwa 1 katika maandishi yake ya kawaida. Je, imetimiza mwongozo? Toa sababu.
4. Chunguza ubao wa darasa lenu. Taja mambo mawili yatakayomsaidia mwenzenu mwenye uoni hafifu kuusoma.