BitLife: mchezo wa simu unaopima maisha, lakini kwa vipimo vya nani?

Mtoto anazaliwa. Mchezaji anabonyeza kitufe, mwaka mmoja unapita. Anabonyeza tena, mtoto ana miaka miwili. Ndivyo unavyochezwa BitLife, mchezo wa simu uliotolewa mwaka 2018 na kampuni ya Candywriter ya Marekani. Hauna mbio za magari wala bunduki zinazolia: karibu wote ni maandishi. Kwa muda mfupi tu, kijana aliyeketi na simu yake anaweza kusoma, kuoa, kufungwa gerezani, kuzeeka na kufa.

Wazazi huuliza kama michezo ya namna hii ina mambo mabaya ndani yake. Wana haki ya kuuliza, maana humo mna ulevi, wizi, hata mauaji. Ila kuna swali lingine ambalo wataalamu wa vyombo vya habari wameliuliza kabla yetu. Mmarekani Ian Bogost, katika kitabu chake Persuasive Games cha mwaka 2007, alieleza kwamba mchezo haushawishi kwa maneno na picha peke yake, bali pia kwa kanuni zake. Tazama kinachopewa alama, kinachoadhibiwa na kisichohesabiwa kabisa, nawe utajua mchezo unaionaje dunia.

Tuangalie BitLife kwa jicho hilo. Kila mhusika ana vipimo vinne vinavyopanda na kushuka: furaha, afya, akili na sura. Ndiyo, sura, imewekwa bega kwa bega na afya! Mama, baba na ndugu nao wana kipimo cha uhusiano. Ukitaka kipande, wasifie, wape zawadi, kaa nao kidogo. Yote hayo ni kubonyeza tu. Jirani aliyekulindia watoto siku mlipokimbia vita hayumo katika vile vinne.

Halafu kuna pesa, pesa za kweli. Anayelipa huondolewa matangazo. Akilipia pia kile kinachoitwa God Mode, yaani hali ya Mungu, anaweza kubadilisha akili na sura za watu apendavyo. Asiyelipa hubaki na matangazo, na mega zinazoyaleta ni zake mwenyewe.

Je, kijana humeza yote hayo? Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika aliyefundisha Uingereza, aliandika mwaka 1973 kuhusu televisheni kwamba ujumbe haupokelewi lazima jinsi ulivyotumwa. Mtu anaweza kuukubali wote, kukubali sehemu na kusahihisha nyingine, au kuukataa.

Katika BitLife, nafasi ya kusahihisha huja kaburini. Mhusika akifa, mchezo humpa utepe unaosema aliishi vipi: tajiri, wa kawaida tu, mfungwa. Aliyekufa mapema bila mafanikio yanayohesabiwa anaweza kupewa utepe wa mpotezaji, yaani mtu aliyeyachezea maisha yake. Kijana wa Goma au Beni anayesoma neno hilo huenda amekwisha kumzika rafiki wa miaka 20. Rafiki huyo maisha hakuyachezea, alinyang'anywa. Siku utakapomkuta mwanao na mchezo huu, usimpokonye simu kwanza. Muulize yeye angempa rafiki huyo utepe gani.