Lokesheni Kwanza, Muswada Baadaye

Watunzi wengi wa filamu za bajeti ndogo humaliza muswada, ndipo huanza kuzunguka na simu wakitafuta mahali panapofanana na walichoandika. Mwenye fedha hana shida. Asipopata uwanja anaoutaka, ataujenga. Kwa vijana wanaochangishana nauli, naamini mambo yaende kinyume: mahali papatikane mapema, muswada ufuate.

Chukua Bagamoyo, isiyofika kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Kwa mwendo wa miguu tu unapata soko la samaki, nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, vichochoro, minazi na ufuko wa kuegesha majahazi. Kusini kidogo kuna magofu ya Kaole na mikoko yake. TaSUBa, chuo cha sanaa, kipo hapohapo, kwa hiyo waigizaji na wapiga ngoma hawahitaji basi wala vyumba vya kulala. Fedha ya gari lisilokodiwa inatosha kuongeza siku ya kazi.

Ila bahari ya hapo ina masharti yake. Ufuko unatazama mashariki. Jua huchomoza majini na kuzama nyuma ya minazi, hivyo wapenzi wawili wanaotazama jua likitua baharini hawapatikani Bagamoyo. Onyesho hilo liandikwe la alfajiri, au mvuke hadi Mji Mkongwe, Unguja, unaotazama magharibi.

Kisha kuna kupwa na kujaa. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri. Anayetaka mchanga mpana ulioachwa wazi ataupata jua limeshakuwa kali, na anayesubiri mwanga laini wa jioni atakuta maji yameumeza ufuko. Nafuu ipo siku moja au mbili kabla ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo: maji hupwa mapema zaidi, karibu saa 3, na bado huenda mbali. Kumbuka pia kwamba kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mazungumzo yaliyoanza leo kwenye mchanga mkavu, mkiyaendeleza keshokutwa saa ileile, yatakuwa na bahari nyingine nyuma yake. Wavuvi wanayajua haya kwa kichwa, na wanajua pia ngalawa zinarudi lini. Ratiba ipangwe baada ya kuzungumza nao.

Adhuhuri msishindane na jua. Mapema Machi na mapema Oktoba hupita utosini kabisa, na macho ya mwigizaji hugeuka mashimo meusi. Saa hizo ni za barazani, chini ya mwembe, au za chakula.

Kwa hadithi ya zamani, kama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji iliyooneshwa Toronto mwaka 2021, tazama juu kabla ya kutazama mbele: nyaya, madishi, viyoyozi. Kisha fumba macho usikilize kwa saa nzima. Jenereta la jirani na bodaboda haziondoki kwenye sauti kwa urahisi, na hakuna bajeti ya kurudia sauti studio.

Kibali cha Bodi ya Filamu kinahitajika, lakini hakimtoshi mama anayekaanga samaki pale mnapotaka kuweka kamera. Mkimzuia kuuza asubuhi nzima, mlipeni asubuhi yake. Hilo liwemo kwenye bajeti tangu mwanzo, kabla hata ya kufikiria kukodi droni. Muoneni mwenyekiti wa mtaa mapema, mkiwa na barua, si siku ya kazi mkiwa na haraka.

Na siku hiyohiyo ya ukaguzi ulizeni choo kiko wapi, maji ya kunywa yatatoka wapi, na waigizaji wa kike watabadilishia nguo nyumba gani. Mara nyingi nyumba hiyo ni ya yule mama wa samaki.