Wi-Fi Ikipotea Baada ya Sasisho, Usikimbilie Kupiga Windows

Mafundi wa kompyuta katikati ya jiji la Mwanza wanayajua malalamiko haya vizuri: laptopu ilikuwa nzima jana, usiku ikajisasisha, asubuhi Wi-Fi haionekani. Mara nyingi mteja hujibiwa kwamba dawa ni kupiga Windows upya, yaani kuifuta na kuiweka mwanzo. Kwa tatizo hili, jibu hilo kwa kawaida si sahihi, na linaweza kumgharimu mwenye mashine kazi yake yote. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) kule Malimbe anaweza kupoteza tasnifu aliyoiandika mwaka mzima. Mwalimu aliyepanda meli kutoka Nansio, saa kama tatu majini, anaweza kurudi Ukerewe na mashine inayoshika Wi-Fi lakini haina tena matokeo ya wanafunzi wake. Hasara zote hizo kwa hitilafu ambayo mara nyingi hurekebishwa bila kugusa faili hata moja.

Tuanze na chanzo. Kadi ya Wi-Fi ni kipande kidogo cha elektroniki ndani ya laptopu, na Windows haiwezi kuzungumza nacho moja kwa moja. Inahitaji mkalimani, programu ndogo iitwayo draiva. Sasisho linaweza kuleta draiva mpya isiyoielewa kadi yako, au likaiacha ya zamani na kubadilisha mfumo unaoizunguka. Kwa vyovyote, kadi ni nzima. Kilichovunjika ni mawasiliano.

Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaumizwa zaidi kwa sababu laptopu nyingi tunazonunua ni used: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad, mashine imara zilizokwisha kufanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za Ulaya na Marekani. Watengenezaji wa kadi zake wengi waliacha kuzitengenezea draiva mpya. Kisha Microsoft ikasitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka kijenzi cha usalama cha TPM 2.0 na, kwa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu, lakini mafundi wanajua njia ya kuvipita vizuizi hivyo. Mashine ya kizazi cha 4 inawashwa na Windows 11, mteja anafurahi, halafu sasisho moja linakuja na Wi-Fi inazimika.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha kosa ni la kompyuta. Chukua simu, zima data, iunganishe kwenye Wi-Fi ileile. Simu nayo ikishindwa kufungua ukurasa, tatizo ni ruta au mtandao wenyewe. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima, na siku kama hizo hakuna draiva ya kurekebisha. Mwanza ina jambo lake jingine: kwenye nyumba zilizojengwa katikati ya miamba, jabali moja kati ya ruta na chumba linatosha kuua mawimbi. Kama laptopu inashika vizuri ikisogezwa karibu na ruta, usililaumu sasisho.

Simu ikiwa inafanya kazi na laptopu haifanyi, soma dalili. Ikiwa laptopu imeunganishwa lakini kurasa hazifunguki, kwanza zima VPN na uangalie kama saa na tarehe ni sahihi. Ikiwa inaliona jina la mtandao lakini inakataa kuungana, iambie isahau mtandao huo kisha uweke nenosiri upya. Ikiwa kitufe chenyewe cha Wi-Fi kimetoweka, hapo ndipo draiva inaposhukiwa. Lakini kwenye laptopu za zamani angalia kwanza swichi ya pembeni au kitufe chenye alama ya mnara. Kwenye EliteBook nyingi, taa ya rangi ya chungwa maana yake Wi-Fi imezimwa.

Hatua ya kwanza ya tiba ni kuchagua "Restart", si "Shut down". Tofauti yake ni kubwa. Windows za sasa, zikizimwa kwa kawaida, huhifadhi sehemu ya mfumo ili ziwake haraka kesho yake, na draiva iliyokwama huhifadhiwa pamoja nayo. "Restart" hupakia kila kitu upya.

Isipotosha, bonyeza kitufe cha kulia cha mausi juu ya alama ya Windows, ingia "Device Manager", fungua "Network adapters". Kadi ikiwa na pembetatu ya njano, ibonyeze mara mbili, nenda "Driver", kisha chagua "Roll Back Driver". Mashine inarudia draiva ya kabla ya sasisho. Kitufe hicho kikiwa kimefifia, chagua "Uninstall device", washa upya, na Windows itaitafuta kadi yenyewe.

Ikihitajika draiva ya kupakua, unakwama: draiva iko mtandaoni na mtandao huna. Simu inatoa njia. Iunganishe kwa waya wa USB, kisha washa kipengele cha kugawa intaneti kwa USB. Kompyuta itaiona simu kama kadi nyingine ya mtandao, bila kuhitaji Wi-Fi. Ila kwanza sitisha masasisho ya Windows, la sivyo bando litaisha kabla draiva haijamaliza kushuka. Pakua kutoka tovuti ya aliyetengeneza laptopu, kwa modeli yake kamili. Programu zinazojitangaza kutafuta draiva zote kwa mkupuo ziache.

Wakati mwingine kosa ni la sasisho lenyewe. Desemba 2023, masasisho ya Windows 11 yalivuruga Wi-Fi hasa kwenye mitandao ya vyuo na ofisi, ile ambayo kila mtu huingia kwa jina na nenosiri lake. Microsoft ilikiri na kulirudisha nyuma badiliko lililoleta tatizo. Aliyepiga Windows wiki hiyo alijisumbua bure, kwani angeweza kuliondoa sasisho hilo kupitia historia ya masasisho. Na kama uliruka kutoka toleo moja kwenda jingine, Windows kwa kawaida hukupa siku 10 za kurudi nyuma, faili zako zikiwa palepale.

Kubadilisha kadi kuwe mwisho. Baadhi ya HP na Lenovo za zamani hukataa kuwaka zikiwekewa kadi isiyo kwenye orodha ya mtengenezaji, kwa hiyo kijiti cha Wi-Fi cha USB huwa salama zaidi.

Wapo walioamua kuzima masasisho kabisa. Nawaelewa, ila siwaungi mkono. Juni 2024 Microsoft iliziba tundu ndani ya draiva ya Wi-Fi ya Windows, tundu lililomwezesha mtu aliye karibu, ndani ya eneo la mawimbi, kuishambulia kompyuta bila mwenyewe kubonyeza chochote. Sasisha, lakini jiandae.

Maandalizi hayo ni mstari mmoja. Chomeka flashi, tuseme ni D, tengeneza ndani yake folda iitwayo draiva, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika: pnputil /export-driver * D:\draiva. Windows itanakili humo draiva zote zilizoongezwa na watengenezaji wa vifaa. Siku Wi-Fi ikipotea, rudi "Device Manager", chagua "Update driver", ielekeze kwenye folda hiyo.

Ombi langu ni kwa mafundi na wauzaji wa laptopu used hapa Mwanza: mkabidhini mteja mashine pamoja na nakala hiyo ya draiva. Na akirudi analalamika kwamba Wi-Fi imepotea, mwulizeni kwanza faili zake ziko wapi kabla ya kuchomeka flashi ya Windows.